Muulize Fundi: Imeili zimejaa kama ghala la korosho mwezi wa kumi na moja

Wasomaji wangu wa kusini, habari za siku. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kupanga imeili, mstari mmoja nadhani, nikasema ntairudia siku nyingine, basi simu haikupumzika. Nimechagua maswali machache, yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha maana wengine mmeandika mambo ya ofisini kwenu kabisa. Ntasema filta na folda kama tunavyosema mtaani, wale wa kichujio na kabrasha mnivumilie.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni katibu wa chama cha msingi huku Tandahimba. Imeili ya chama ni Gmail na iko kwenye simu yangu, saivi inaonyesha elfu sita na kitu hazijasomwa. Humo humo kuna za union (chama chetu kikuu cha ushirika), za benki, orodha za mauzo ya mnada, taarifa za ghala, wauza salfa na mabomba ya kupulizia, watu wa mikopo, mpaka kampuni za kubeti sijui walipata wapi anwani yetu. Juzi barua ya union imeingia mchana mi nimeiona siku ya nne, mwenyekiti kanisema mbele za wanachama. Kijana wangu ananiambia nitengeneze folda, nimetengeneza, lakini kuhamisha moja moja nachoka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba katibu, na pole kwa kusemwa hadharani.

Kwanza hizo elfu sita achana nazo. Najua zinakukera ukiiona ile namba, ila kukaa kuzipanga moja moja ni sawa na kurudi shambani kuokota korosho za msimu wa juzi, zilizoota zimeota na zilizooza zimeoza. Ya zamani ukiihitaji utaitafuta kwa jina la aliyetuma na utaipata. Shughuli yetu ni zinazokuja kuanzia kesho asubuhi.

Kijana wako kakwambia nusu ya habari. Folda ni kabati tu, na kabati halijawahi kujipanga lenyewe. Anayepanga ni filta. Unaiambia Gmail mara moja tu, ikija imeili ya mtu fulani au yenye maneno fulani ifanyie hivi na hivi, baada ya hapo kazi inafanyika kule kule kwenye mitambo ya Google kabla hata simu yako haijalia, yaani simu izime, bando liishe, umeme ukatike siku mbili, ukija kuwasha unakuta kila kitu kimeshakaa pake.

Afu kuna kitu kinawachanganya wengi, Gmail kwa kweli haina folda, ina lebo. Tofauti yake we mtu wa korosho utaielewa haraka kuliko hao wa Dar. Folda ni gunia: korosho ikiwa kwenye gunia hili haiwezi kuwa kwenye lile. Lebo ni ile chata inayopigwa juu ya gunia, na gunia moja linaweza kubeba chata ya chama, chata ya daraja na namba ya loti kwa pamoja na bado ni gunia lile lile moja. Kwa hiyo barua ya union inayohusu malipo inaweza kuwa na lebo ya Union na lebo ya Malipo, ukiingia kwa mlango wowote unaikuta. Na ukiifuta kwenye lebo moja imefutika kote, sio kwamba kuna kopi mbili, hapo wameshalia watu.

Sasa kutengeneza. Programu ya Gmail ya kwenye simu haikupi nafasi ya kutengeneza filta, usihangaike kuitafuta, haipo. Inabidi ufungue Gmail kwenye kompyuta. Inawezekana kulazimisha brauza ya simu ifungue ukurasa wa kompyuta lakini maandishi yanakuwa kama chawa na vidole vinagonga pasipotakiwa, kwa hiyo bora uende steshenari ya karibu yenye mtandao, lipia nusu saa, na ukimaliza USISAHAU kutoka kwenye akaunti, saini auti, usije ukaacha barua za chama mezani kwa watu.

Ukishafungua, kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu, upande wa kulia kuna kialama cha vimistari, kiguse. Itashuka fomu: aliyetuma, aliyetumiwa, kichwa cha barua, maneno yaliyomo, maneno yasiyokuwemo, ukubwa, na kama ina kiambatisho. Jaza unachotaka. Hapo ndo watu wanakimbilia kitufe cha kutengeneza filta, we subiri, bonyeza kwanza kitufe cha kutafuta. Itakuletea imeili zote za zamani zinazolingana na ulichojaza. Ziangalie. Ukiona humo kuna na ambazo hukuzikusudia, jua kesho filta yako itazikamata na hizo, rekebisha kwanza. Mi naona hii hatua ndo kazi yenyewe na hakuna mtu anaifanya.

Ukiridhika rudi kwenye fomu, tengeneza filta, itakuuliza ifanye nini: iruke inboksi (yaani isitokee kwenye orodha ya barua zinazoingia), iweke alama imesomwa, iweke nyota, iweke lebo, ifowadi (iitume kwa anwani nyingine), ifute, isiende spamu kamwe (kule Gmail inakotupa barua inazozishuku), na kadhalika. Pale chini kuna kisanduku cha kuitumia filta hiyo na kwa imeili za zamani zinazolingana. Kitiki hicho kwenye filta ya matangazo na zile elfu sita zako utaziona zinayeyuka zenyewe, hujahamisha hata moja kwa mkono.

Kwako we katibu mi ningetengeneza filta tatu, basi, wala usitamani kumi na tano.

Ya kwanza ni ya union, benki na bodi ya korosho. Kwenye kisanduku cha aliyetuma usiandike anwani ya mtu mmoja maana karani wa leo kesho anahamishwa, andika ile sehemu ya kuanzia alama ya @ kwenda mbele, yaani jina la ofisi yenyewe, na ukiwa na ofisi tatu zitenganishe kwa OR kwa herufi kubwa, ukiiandika kwa herufi ndogo haielewi. Ila kama ofisi inatumia Gmail ya kawaida kama nyie hapo usiandike @gmail.com utakamata nchi nzima, hapo andika anwani kamili. Hizi ziwekee lebo, ziwekee nyota, na isiende spamu kamwe. Na sikiliza vizuri hapa, USIZIRUKISHE INBOKSI. Watu wanadhani filta ni ya kuhifadhi vitu vya maana pazuri. Kitu cha maana kiache pale pale mlangoni ukione, filta ni ya kuwatoa mlangoni wasiokuwa na maana.

Ya pili ni matangazo, wauza pembejeo, mikopo, hao wote. Lebo uite Baadaye, iruke inboksi, iweke alama imesomwa. Simu haitalia na namba haitapanda, na siku ukitaka bei ya salfa unaingia Baadaye unaikuta. Hao wa kubeti sio wa filta, hao wabonyezee spamu tu.

Ya tatu ni taarifa za ghala na orodha za mauzo, hizi zipe lebo tu. Msimu ukiwa umepamba moto unazitaka machoni kila saa, msimu ukiisha unaweza kuihariri filta zikawa zinaruka inboksi.

Kuna mtego mmoja wa lugha yetu ambao vitabu vya wenzetu havitakwambia. Gmail inatafuta neno zima, haitafuti kipande cha neno. Kiswahili chetu neno linabadilika kichwa na mkia. Ukiandika filta ya mnada, barua iliyoandikwa minada inapita kando, iliyoandikwa mnadani nayo inapita. Kwa hiyo ama uandike mnada OR minada OR mnadani, ama, na hili ndo bora, uachane na maneno utumie anwani ya mtumaji, anwani haina umoja na wingi. Na ujue ukijaza visanduku viwili tofauti, tuseme mtumaji na kichwa cha barua, lazima VYOTE viwili vilingane ndo filta ifanye kazi, kisanduku kimoja tu hakitoshi. Wengi wananiambia filta haifanyi kazi, nikiangalia wamejaza fomu nzima kama wanaomba pasipoti.

Mi mwenyewe nimeshaumia na hii kitu. Kuna kipindi nilijiandikisha kupokea habari za bei, zikawa nyingi, nikaweka filta ya neno korosho, kila yenye neno hilo iruke inboksi. Nikajiona mjanja. Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kubangua akaniandikia anataka nimfungie kompyuta tatu na printa, na mbanguaji akiandika barua atakosaje kutaja korosho? Ikaruka. Nimeikuta wiki tatu baadae imetulia humo inaning'inia, nikampigia mbio mbio, ananiambia kijana wangu nilijua umeringa, kazi nimempa mtu wa Masasi. Tangu siku ile filta ya kurusha inboksi naiweka kwanza lebo peke yake wiki mbili nzima, naichungulia, nikiona haijakamata mtu asiyehusika ndo naipa ruhusa ya kurusha.

SWALI: Fundi mambo vipi, nimemaliza chuo hapa Mtwara mjini naomba kazi kila mahali. Kuna sehemu waliniita usaili kwa imeili mi sikuiona, ilikuwa spamu, nimekuja kuiona siku mbili baada ya usaili. Nimelia. Nawezaje kuhakikisha haitokei tena?

JIBU: Poa mdogo wangu, pole sana, hiyo inauma jamani.

Spamu ya Gmail inakaa siku 30 halafu inajifuta, kwa hiyo hata ungechelewa zaidi usingejua kabisa kama uliitwa, ungebaki kuwalaumu tu. Jizoeze kuingia kwenye spamu mara mbili kwa wiki, dakika moja, na ukikuta ya halali usiifungue ukasoma ukaiacha humo humo, ibonyezee kwamba si spamu, hapo inajifunza.

Kwa filta fanya hivi. Kuna kitu wengi hawakijui, anwani yako ya Gmail unaweza kuiongezea alama ya kujumlisha na neno lolote kabla ya ile @ na barua bado zinakuja kwako. Tuseme anwani yako ni jinalako@gmail.com, kwenye fomu za kazi ukiandika jinalako+kazi@gmail.com itafika pale pale, huhitaji kufungua akaunti mpya wala kumwambia mtu. Sasa tengeneza filta, kwenye kisanduku cha aliyetumiwa weka hiyo yenye +kazi, halafu isiende spamu kamwe, nyota, lebo ya Kazi, na ibaki inboksi. Umemaliza, hujataja jina la kampuni hata moja na yeyote atakayekujibu kwa anwani hiyo anapita mlango wa mbele. Ubaya wake kuna fomu za mtandaoni zinakataa alama ya kujumlisha, zinasema anwani si sahihi, hizo jaza ya kawaida kisha tengeneza filta nyingine ya maneno: usaili OR interview OR mahojiano OR shortlisted. Hapa maneno ya Kizungu weka tu maana ndo wanayoandika.

Na wale matapeli wa ajira, wanaokwambia tuma elfu hamsini ya fomu kwanza, filta yako itawapitisha na wao. Filta haijui mwongo ni nani. Hapo akili yako.

SWALI: Mimi nina gesti ndogo huku Kilwa Masoko, wageni wengi wanakuja kuona magofu ya Kisiwani, wananiandikia imeili, mi natumia Outlook, programu ya imeili ya Microsoft. Nimetengeneza folda ya Wageni na folda ya Malipo, nikaweka ruli, ndo filta za Outlook. Lakini mgeni akiandika kuhusu malipo barua inaenda Wageni, Malipo haiendi. Mume wangu anasema nimekosea, mi nasema kompyuta ndo mbovu.

JIBU: Mama gesti, kompyuta nzima na wewe hujakosea sana, kwa hiyo leo hakuna mshindi nyumbani.

Rudi juu kwenye mfano wa gunia. Outlook yenyewe ni ya folda kweli kweli, barua ikiingia gunia moja imeingia. Na ruli zake zinasomwa kwa mpangilio, kutoka ya juu kushuka chini, halafu kuna kisehemu cha kusema ukishafika hapa usiendelee na ruli nyingine. Ya Wageni iko juu, inaikamata kwanza, inaihamisha, mchezo umeisha. Ipandishe ya Malipo iwe juu ya Wageni, kuna mishale ya kupandisha na kushusha, na ya Malipo iwekee hiyo ya kuishia hapo hapo. Kanuni ni hiyo tu, ruli finyu juu na ruli pana chini.

Ukitaka barua moja ionekane kwa namna mbili tumia zile rangi, kategoria, Outlook inazo, na rangi unaweza kuweka zaidi ya moja. Kwa gesti ya vyumba vichache mi wala nisingekuwa na folda mbili, ningekuwa na inboksi na rangi, basi.

Umeuliza pia mwishoni kuhusu matangazo ya zile tovuti za kubuku vyumba yanayokuja kila siku. Outlook ya mtandaoni ina kitu kinaitwa swipu (Sweep, yaani fagia), unachagua barua ya mtumaji huyo unaiambia bakiza ya mwisho tu futa zilizobaki, au futa zote zilizozidi siku 10. Tamu sana hii kwa matangazo ya bei, maana la jana halina kazi leo. Ila angalia anwani, tovuti hizo wakati mwingine zinatuma tangazo na uthibitisho wa mgeni kutoka anwani zinazofanana, usije ukafagia na mgeni.

SWALI: Ofisini kwetu Lindi mjini natumia Thunderbird, programu ya kusomea imeili, kwenye laptopu, nimepanga folda nzuri na filta, lakini kwenye simu sioni folda hata moja, barua zote zimerundikana vile vile. Kwa nini?

JIBU: Bila shaka imeili yenu iliunganishwa kwa njia ya POP. POP inashusha barua kuja kwenye laptopu, na folda zako zinaishi ndani ya hiyo laptopu peke yake, siku ikipigwa na umeme au ikaibiwa umekwenda na kila kitu. Mwambie anayewahudumia awawekee IMAP, hiyo folda zinakaa seva (kompyuta kuu ya huko mtandaoni) na simu itaziona. Kopi ya barua zako za sasa itunze kwanza kabla hajagusa kitu. Na hata kwa IMAP, filta za Thunderbird zinafanya kazi Thunderbird ikiwa imefunguliwa, ukiwa safari ya Nachingwea na laptopu umeiacha imezimwa hakuna kinachopangwa mpaka urudi, kwa hiyo kama seva yenu inaruhusu kuweka filta huko huko seva, weka huko.

SWALI: Nauza na kununua ufuta, niko Lindi, nina mnunuzi wa nje ya nchi. Mwezi sasa anasema ananiandikia simjibu, mi sioni barua yake, spamu nimeangalia hamna. Wiki iliyopita kanipigia simu ananiuliza kama kweli nimebadilisha akaunti ya benki. Mi sijabadilisha! Kuna uhusiano na filta?

JIBU: Ndugu yangu, hili swali lako ndo limenifanya niiandike safu hii mapema. Upo uhusiano, na mkubwa. Kuna dalili zote kwamba mtu kaingia kwenye imeili yako.

Wezi wa siku hizi hawabadilishi paswedi, wakibadilisha utashtuka. Wanaingia kimya, wanasoma siku kadhaa wajue unafanya biashara na nani, halafu wanatengeneza FILTA. Barua yoyote kutoka kwa mnunuzi fulani, au yenye neno invoice au payment, iruke inboksi, iwekwe imesomwa, ifowadiwe kwangu, kisha ifutwe au ifichwe kwenye folda ambayo mtu haifungui. Kwenye Outlook wanapenda kuzitupa kwenye ile folda ya RSS, nani ameshawahi kuifungua hiyo? We hauoni kitu, mnunuzi anaandika, mwizi anamjibu kwa jina lako, taratibu, kwa adabu, na siku ya malipo anamwambia benki yetu ina ukaguzi tumia akaunti hii nyingine. Filta ile ile niliyomsifia katibu wa Tandahimba.

Fanya leo usingoje kesho. Fungua kwenye kompyuta unayoiamini. Nenda kwenye setingi, sehemu ya filta na anwani zilizozuiwa, soma moja moja, usiyoikumbuka ipige picha kwa simu yako kwanza kama ushahidi, kisha ifute. Halafu sehemu ya kufowadi, POP na IMAP, ukikuta barua zinafowadiwa kwa anwani usiyoijua izime, nayo ipige picha. Tafuta kwenye tupio, vilivyofutwa vinakaa humo siku 30 kwa Gmail, unaweza kukuta mazungumzo ambayo hukuyafanya. Badilisha paswedi, isiwe ya zamani na namba moja mbele. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake isitoshe kuingia. Angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uvitoe vyote. Angalia pia namba ya simu na imeili ya kurejesha akaunti ni zako kweli, maana wengine wanaacha mlango wa nyuma wazi hapo.

Watu wengi wanabadilisha paswedi tu wanapumua. Filta haijali paswedi. Ukiiacha inaendelea kumfowadia mwizi hata ukibadilisha paswedi mara tisa.

Na mnunuzi wako umpigie, kwa namba uliyokuwa nayo zamani na sio iliyoandikwa kwenye imeili za karibuni, mkubaliane kwamba akaunti ya benki haibadiliki kwa imeili, kamwe, mpaka msikilizane sauti. Kama kashatuma hela kwenye hiyo akaunti nyingine, awahi benki yake na wewe uwahi polisi na hizo picha, masaa yana thamani hapo. Huyo mnunuzi kukupigia kabla ya kulipa amekusaidia kuliko mimi.

SWALI: Hivi kwa nini nihangaike na filta wakati naweza kujiondoa tu kwenye hayo matangazo? (Wengi, Newala, Mtwara, Ruangwa)

JIBU: Jiondoeni, ndo sahihi zaidi, kama kampuni mnaijua na mlijiandikisha wenyewe. Gmail inaweka kitufe cha kujiondoa pale juu karibu na jina la mtumaji. Lakini kama hujui ni nani, usibonyeze kiungo chochote cha chini kabisa kwenye barua, mwingine anataka tu ajue kama anwani yako ina mtu, ukibonyeza umemwitikia hodi. Huyo mpe spamu. Filta ibaki kwa wale wa katikati, ambao hutaki kuachana nao ila hutaki wakugongee kila saa.

Msidhani haya matangazo ni mapya. Mwaka 1978, intaneti yenyewe haijazaliwa vizuri, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, Gary Thuerk, aliwatumia watu kama 400 tangazo la mashine zake kwa mpigo. Walikasirika vibaya. Akauza lakini.

SWALI: Mjukuu wangu, mimi ni mstaafu niko Mikindani. Napata imeili kama kumi kwa wiki, tano ni za wanangu. Je na mimi natakiwa kuwa na hizo filta?

JIBU: Shikamoo babu. Hapana, hutakiwi, na anayekuja kukuwekea kwa hela mrudishe. Kumi kwa wiki ni za kusoma na kahawa.

Kitu kimoja tu nimekiona kwenye barua yako, umesema wanao wanakutumia picha za wajukuu na simu inakwambia nafasi imejaa. Hapo kuwa makini babu, maana zile GB 15 za bure za Google ni za imeili, picha na mafaili yako yote kwa pamoja, zikijaa barua mpya zinarudi kwa aliyetuma na wanao watadhani umewasusa. Mwambie mmoja wao akija likizo aandike kwenye kisanduku cha kutafutia larger:10M, ataziona barua zote nzito zaidi ya hapo, picha mnazozitaka azihamishie kwenye flashi, barua zenyewe azifute, halafu aingie kwenye tupio alimwage kabisa, asipolimwaga nafasi hairudi mpaka zile siku 30 ziishe. Akimaliza akuonyeshe na wewe kwa taratibu, asikufanyie tu haraka haraka akaondoka.